Wasanii na watangazaji wenye ulemavu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Kila tukiandaa kipindi cha burudani chenye mgeni mwenye ulemavu, simu zinajaa na maswali ni yale yale. Mengine yanatoka kwa wasikilizaji, mengine kwa mapromota wanaotaka kumwalika mtu, na mengine kwa waandishi wenzetu wanaoona haya kuuliza hadharani. Tumeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

Nani hasa mnamhesabu?

Watu wa aina tatu. Kwanza, msanii au mtangazaji ambaye ulemavu wake unajulikana, ama kwa sababu kausema mwenyewe ama kwa sababu hauna maficho. Pili, aliyeupata ukubwani akiwa tayari na jina. Tatu, asiye na ulemavu lakini kazi yake imeshikana na habari za watu wenye ulemavu kiasi kwamba ukizisimulia bila yeye umeruka ukurasa. Staa aliyegawa viti mwendo siku moja, akapiga picha na kuondoka, hayumo. Tunamshukuru kwa viti, basi.

Msanii gani mwenye ulemavu amesikika zaidi Tanzania?

Wengi hutegemea tutaje mtu wa Bongo Fleva. Jibu letu ni Mzee Morris Nyunyusa, na kwa maoni yetu hana mpinzani wa karibu.

Huenda jina hulijui, ila kama umekulia kwenye nyumba yenye redio, kazi yake unaijua. Zile ngoma zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ni zake. Alikuwa haoni. Ngoma za ukubwa mbalimbali zilipangwa zikamzunguka, naye akazipiga peke yake, hii ikiuliza na ile ikijibu, mpaka msikilizaji akadhani kikundi kizima kipo studio. Kuna watu wazima leo ambao mdundo ule ukilia wanashusha sauti zao bila kuambiwa, kwa sababu baba alikuwa hataki kelele wakati wa habari.

Tunamtanguliza kwa sababu habari yake ina pande mbili. Upande wa kwanza unafurahisha: nchi nzima ilimsikiliza bila mtu kutangaza kila siku kwamba mpigaji haoni. Hakuna aliyeambiwa amwonee huruma ndipo asikilize. Upande wa pili unauma: mdundo ukabaki, jina likafifia. Ukisimama Kariakoo na kuwauliza vijana kumi ni nani aliyepiga ngoma zile, sidhani kama utawapata wawili. Ndiyo maana tukimleta msanii studio tunalitaja jina lake mwanzoni, katikati na mwishoni, na kazi yake tunaipa muda mrefu kuliko hospitali alizopitia.

Na kwenye Bongo Fleva na Bongo Movie?

Wapo. Keisha, yaani Khadija Shaaban Taya, ni mwanamuziki wa Bongo Fleva mwenye ualbino. Alisikika redioni kama mwimbaji wa kawaida, nyimbo za mapenzi na za maisha, kabla ya kuingia bungeni mwaka 2020 kwa viti maalumu kupitia CCM. Wanaomjua kama mheshimiwa tu wamemkosa nusu.

Wastara Juma, mwigizaji wa Bongo Movie, alikatwa mguu baada ya ajali ya barabarani na akaendelea kuigiza akitumia mguu wa bandia. Yeye ni mfano mzuri wa ile aina ya pili: watazamaji walimjua kwanza, ulemavu ukaja baadaye, na ikabidi wamzoee upya. Magazeti ya udaku yaliandika mno juu ya mguu na kidogo sana juu ya uigizaji. Na sisi wa redio tusijifanye watakatifu, tulifuata mkumbo uleule.

Wakongwe watamkumbuka Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar mwishoni mwa miaka ya 1970 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Matimila. Kiharusi kilimpooza, naye akahamia kwenye nyimbo za injili hadi alipofariki Desemba 2010. Daladala bado zinashusha abiria Sinza kwa Remmy, na makondakta wengi wanaokitaja kituo hicho walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa, enzi za Matimila.

Kwa nini mnamweka Vicky Ntetema wakati hana ulemavu?

Kwa sababu bila kazi yake sura ya habari za ualbino nchini ingekuwa nyingine. Mwaka 2008, akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mteja na kuwaendea waganga ili kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha kwa habari ile. Baadaye alifanya kazi na shirika la Under the Same Sun, linalotetea watu wenye ualbino, hapa nchini, na mwaka 2016 serikali ya Marekani ilimpa tuzo ya wanawake jasiri.

Mwandishi kijana anayetaka kujua tofauti ya kuandika habari *ya* watu na kuandika habari *kwa ajili ya* machozi, aanze na kazi ile. Uchunguzi wake uliwafuata wauaji na wateja wao. Hakumkalisha mama aliyefiwa mbele ya kamera ili alie.

Ualbino ni ulemavu kweli? Mbona wanatembea, wanasikia?

Ngozi ndiyo watu wanayoiona, ila macho ndiyo yanayosumbua kila saa. Uoni hafifu na macho yasiyovumilia mwanga mkali huja pamoja na ualbino, na jua linaongeza hatari ya saratani ya ngozi. Ubaguzi ni mzigo wa juu yake. Chama cha watu wenye ualbino kimo ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, kwa hiyo wenyewe wameshajibu.

Nimesikia kuna kikundi cha Ukerewe kilichotoa albamu. Ni kweli?

Ni kweli. Kinajulikana kama Tanzania Albinism Collective, watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Walirekodiwa na mtayarishaji Mmarekani Ian Brennan, albamu ikatoka 2017, na mwaka huohuo wakapanda jukwaa la tamasha la WOMAD Uingereza. Wengi wao hawakuwa waimbaji. Usitegemee kinanda cha kanisani wala ala za studio za Sinza. Ni sauti kavu, gitaa kidogo, mashairi mafupi yanayokwenda moja kwa moja kwenye jambo. Mara ya kwanza unaweza kudhani kazi haijamalizika. Ni albamu ya kukaa nayo chumbani, haifai kupigwa ukiwa unapika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kiliandikwa sana Ulaya na Marekani kuliko hapa nyumbani.

Kwa filamu, mtafute Josephat Torner, mwanaharakati Mtanzania mwenye ualbino aliyefuatwa na kamera katika filamu ya uhalisia iliyotoka mwaka 2012. Anakwenda vijijini, anasimama mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa, anawaambia wamguse mkono waone kama ni mzimu.

Nje ya mipaka, nimsikilize nani kwanza?

Salif Keita wa Mali, bila kusita. Alizaliwa 1949 na ualbino, katika ukoo wa Keita, ukoo wa kifalme ambao kwa desturi ya kwao kuimba si kazi yake. Waimbaji wana koo zao. Alitaka ualimu, macho yakamkatalia. Akaingia mitaani Bamako na gitaa, kisha Super Rail Band, kisha Les Ambassadeurs, na dunia ikamfahamu. Ana taasisi inayowasaidia watu wenye ualbino. Lakini hata ungekuwa hujui lolote kati ya hayo, ile sauti inatosha.

Hukohuko Mali kuna Amadou na Mariam, mume na mke wasioona waliokutana kwenye taasisi ya vijana wasioona mjini Bamako. Walipiga kwenye sherehe za kufunga Michezo ya Paralimpiki ya Paris 2024. Amadou Bagayoko alifariki Aprili 2025.

Kwa wapenzi wa dansi la Kikongo, na Dar hawakosekani, kuna Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Kiini cha bendi kilikuwa wanamuziki waliopata polio utotoni, wanaotembelea baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia. Walifanyia mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, na kijana wao Roger Landu alipiga ala ya waya mmoja iliyotengenezwa kwa kopo. Filamu juu yao ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2010. Rumba yao imechanganyika na vitu vingi, lakini kiuno kinaelewa.

Kenya yuko Reuben Kigame, mwimbaji wa injili asiyeona, ambaye nyimbo zake zinaimbwa kwenye makanisa ya Temeke na Ubungo na watu ambao hawajui kwamba haoni. Mwaka 2022 alitaka kugombea urais wa nchi yake. Afrika Kusini alikuwepo Steve Kekana, asiyeona, mwanamuziki na mwanasheria, aliyefariki 2021.

Stevie Wonder tumemwacha mwisho kwa makusudi, maana huyo hahitaji kutambulishwa. Tutasema moja tu: aliupigia debe Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaorahisisha kutengeneza vitabu vya nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) na vya kusikiliza bila kukwama kwenye hakimiliki. Tanzania imejiunga nao.

Wanangu wanawapenda Aki na Ukwa wa Nigeria. Ni vibaya kuwacheka?

Mama mmoja wa Tabata alituuliza hivi kwa sauti ya chini kama anaungama. Mama, cheka. Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, ndio Aki na Ukwa wenyewe, ni wachekeshaji, na mchekeshaji asipochekwa ndiyo msiba.

Swali lenyewe ni unacheka nini. Kwenye zile filamu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wazima wawili wenye kimo kifupi waliigiza watoto watukutu, na ucheshi wao mwingi unatokana na akili: wanavyomzunguka mzee, wanavyosema uongo kwa uso mkavu, wanavyopokezana maneno. Kipimo cha muda ni kigumu kuliko kinavyoonekana; jaribu kumwigiza Iheme anavyonyamaza kabla ya kujibu. Huko unacheka ufundi. Kuna matukio mengine ambapo mtu ananyanyuliwa na kutupwa kama mzigo, na kicheko chote kinatafutwa kwenye urefu wake. Hapo wengine tunaacha kucheka.

Mwaka 2011 wote wawili walipewa nishani ya taifa nchini mwao. Hapa kwetu, waigizaji wenye kimo kifupi bado wanaitwa zaidi kwa ajili ya kubebwa mgongoni. Tunasubiri siku mmoja wao apewe nafasi ya mwanasheria, au ya mume anayechepuka.

Mwigizaji anayeona akiigiza asiyeona, kuna kosa?

Kisheria, hakuna. Kiufundi, mara nyingi kazi inakuwa mbovu. Asiyeona wa tamthilia zetu ana miwani myeusi, mikono imenyooshwa mbele, anagonga meza, na kwenye sehemu ya mwisho anaombewa anaona. Anayetumia kiti mwendo aidha ni maskini mwema kupita kiasi, aidha ni tajiri mwovu aliyeadhibiwa na Mungu. Watazamaji wenye ulemavu wanayajua haya kwa moyo, na wanayacheka kuliko mnavyodhani.

Angalia upande wa viziwi. Mwaka 1987 Marlee Matlin, kiziwi, akiwa na miaka 21, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ikapita miaka 35 mpaka kiziwi mwingine, Troy Kotsur, akaishinda mwaka 2022 kwa nafasi ya usaidizi. Katika filamu iliyompa Kotsur tuzo, Matlin alikuwamo pia, na alikuwa ameshikilia kwamba nafasi za viziwi zichezwe na viziwi, la sivyo anajitoa.

Mtayarishaji wa Dar atasema hana pesa za kutafuta mwigizaji kiziwi. Basi na apande daladala aende Buguruni, penye shule ya viziwi, awatafute waliosoma pale wakahitimu. Kipaji cha kusimulia kwa uso na mikono wanacho tangu utotoni, na wengine wanafundishwa mwaka mzima bila kukipata.

Kiziwi anafaidi nini kwenye muziki?

Nenda kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku, Mbagala au Manzese, usimame karibu na spika za singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, halafu uniambie kama mdundo unaingilia masikioni. Unaingilia kifuani na miguuni. Viziwi wengi wana mabaki ya usikivu, na hata asiye nayo kabisa anaupata mtetemo. Evelyn Glennie wa Uskochi alipoteza sehemu kubwa ya usikivu akiwa mtoto, akawa mpigaji ngoma wa kimataifa; huvua viatu jukwaani ili sakafu imletee sauti. Mwaka 2012 alipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London.

Naandaa tamasha Dar na nataka kumwalika msanii mwenye ulemavu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye fedha. Kero tunayoisikia kuliko zote ni hii: msanii anaitwa tarehe 13 Juni, siku ya ualbino, au 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu, anaimba nyimbo tatu, anapewa soda, fulana na nauli. Msanii mwingine aliyepanda jukwaa hilohilo amelipwa nusu kabla na nusu baada. Ukiulizwa, unasema ulidhani anakuja kwa ajili ya jamii yake. Hakukuambia hivyo. Mlipe kama unavyomlipa mwingine wa kiwango chake, mwandikie mkataba, na kama ana msaidizi au mwongozaji, nauli na chakula cha msaidizi huyo viwe juu yako, visitolewe kwenye malipo ya msanii. Halafu jaribu kumwita mwezi Machi, au Agosti, wakati hakuna maadhimisho yoyote.

Mkataba nao una njia zake. Usimtumie asiyeona picha ya karatasi kwa WhatsApp. Simu yake inasoma maandishi kwa sauti, picha haiisomi vizuri. Tuma maandishi yenyewe. Kwa mwenye uoni hafifu, herufi ziwe kubwa.

Ukumbi ukaukague kwa miguu yako. Hesabu ngazi za kuingilia, kisha zile za jukwaani, ambazo mapromota husahau. Ukumbi wenye mlango mpana na jukwaa la ngazi sita umemfikisha msanii mpaka mstari wa mbele na kumwacha hapo. Kumbeba mbele ya umati si suluhisho. Watu wazima hawapendi kubebwa, na wabebaji wana haraka. Mbao imara na fundi seremala mmoja wanatosha kutengeneza njia ya mteremko, mradi isiwe wima kama ukuta. Choo nacho kikaguliwe, pamoja na upana wa mlango wake. Ukipata ukumbi karibu na kituo cha mwendokasi, mashabiki wanaotumia viti mwendo watakushukuru, kwa sababu sakafu ya kituo imelingana na mlango wa basi. Bajaji inambeba mtu, kiti mwendo kinabaki kinabishaniwa.

Kwa msanii mwenye ualbino, usimpangie saa saba mchana kwenye jukwaa la wazi ufukweni. Mpe jioni. Mwambie fundi taa asimmulike usoni moja kwa moja. Kwa asiyeona, wahi naye mapema wakati wa kupima sauti, atembee jukwaa lote, ajue mwisho wake uko wapi, na baada ya hapo usihamishe spika. Akitaka kuongozwa, mpe kiwiko chako akishike yeye. Usimkokote.

Hayo yote mweleze MC. Tumeshuhudia maandalizi mazuri yakiharibiwa na MC mmoja aliyesema, "Mpigieni makofi, hata kama ni mlemavu." Mtaje kwa jina na kwa wimbo wake, mpishe apande.

Mkalimani wa lugha ya alama nimpate wapi, na akae wapi?

Waulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hafla ndefu inahitaji wakalimani wawili wapokezane, kwa sababu mikono na akili huchoka. Asimame karibu na mzungumzaji, penye mwanga, avae nguo isiyo na maua wala mistari ili mikono ionekane. Viziwi wakae mbele, upande wake. Mpe mashairi ya nyimbo siku chache kabla; kutafsiri singeli papo kwa papo ni adhabu.

Na kwenye runinga, tafadhali, msimfunike kwa maandishi ya matangazo yanayopita chini ya kioo.

Kwenye mahojiano nisiulize nini?

Usifungue na "Ulizaliwa hivi au ulipata ajali?" Hilo linaweza kuja baadaye, akiwa tayari, na kama lina uhusiano na kazi yake. Usiulize anaogaje. Usiulize kama mwenzi wake ana ulemavu pia, maana msanii mwingine ukimuuliza hivyo juu ya mkewe atakutoa nje. Kwa mtu mwenye ualbino, usitaje mtaa anaoishi, shule ya wanawe wala njia anayopita kurudi nyumbani. Hilo ni suala la usalama, na tunalikata hata mgeni akilitaja mwenyewe kwa bahati mbaya.

Uliza funguo anazopenda kuimbia. Uliza nani alimfundisha kinanda. Muulize anadaiwa au anadai, maana wasanii wote hapa mjini wako kwenye moja ya hayo.

Marehemu Stella Young, mchekeshaji na mwandishi wa Australia aliyetumia kiti mwendo, alilizungumza jambo hili mwaka 2014 katika hotuba iliyosambaa sana: uchovu wa kufanywa kielelezo cha ujasiri kwa sababu tu umeamka na kwenda kazini.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 15, haoni, anapiga kinanda kanisani na watu wanasema ana kipaji. Afanyeje?

Marahaba mama. Kwanza aendelee na shule, na aendelee na kanisa, maana kwaya imewatoa wanamuziki wengi wa nchi hii kuliko studio. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Ilala, imesomesha wanafunzi wasioona kwa miaka mingi. Walimu wa namna hiyo watakuelekeza kuhusu nukta nundu. Akimaliza sekondari na bado anautaka muziki, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, wanafundisha muziki, ngoma na maigizo.

Akianza kutunga, nyimbo zake zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hazijasambaa kwenye simu za watu, na yeye mwenyewe ajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, kama msanii. Fomu mjaze pamoja, ila jina la mmiliki liwe lake. Tumekutana na wasanii wasioona ambao nyimbo zao zimesajiliwa kwa jina la mjomba aliyewashika mkono kwenda ofisini.

Vijana waliokwisha kufikisha umri wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo hiyo, mbili ni za watu wenye ulemavu, nne za wanawake na nne za vijana. Mkamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Watu huamini mkopo huo ni wa cherehani na kuku peke yake. Vyombo vya muziki navyo ni mtaji, andikeni mpango wa biashara unaoeleweka.

Na kama mkono wake uko kwenye sanaa za kuona au za kutengeneza, Dar kuna Wonder Workshop, ambako mafundi wenye ulemavu wanachomelea vyuma chakavu na kupata sanamu za wanyama, na kuna Nafasi Art Space, Mikocheni.

Msikilizaji mmoja mmoja tu ndiye ana ulemavu. Kwa nini mnalipa jambo hili muda mrefu?

Sensa ya 2022 ilionyesha zaidi ya Mtanzania mmoja kati ya kumi ana ulemavu wa aina fulani. Kwenye daladala lililojaa hiyo ni abiria kadhaa. Na nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inazungumzia haki ya kushiriki utamaduni, burudani na sanaa, ikiwamo kukuza kipaji chako. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe.

Mbona mtangazaji fulani hamjamtaja? Kila mtu anajua ana tatizo la usikivu.

Kama hajalisema, hatulisemi. Usitutumie majina.

Nikikutana na msanii asiyeona au kiziwi mtaani, nimsalimie vipi?

Asiyeona, sema jina lako pamoja na salamu. Usimchezeshe "nani mimi?" akukisie, ana watu mia wanaomfanyia hivyo kila wiki. Kiziwi, jiweke mbele yake, mpungie au mguse begani kidogo, na kama hujui alama toa simu uandike. Ukitaka kupiga naye picha, omba, kisha mtumie nakala. Ukiwa na buku mbili tatu za kumpa, mpe kwa kununua wimbo wake.